Vita vya Mukai Tetsuro na Nguruwe Afukiaye Mashimo

Sogeeni, enyi mlioketi na miguu chini ya meza yenye blanketi na moto ndani yake, na ninyi mnaomenya figili jikoni, ziacheni figili zenu. Na wewe unayejifanya umelala, fungua jicho moja, kwa maana habari hii haitasimuliwa mara ya pili kwa ufasaha huu. Zimeni televisheni, hata kama ni mieleka. Nawaletea tarehe ya vita vikuu vilivyopiganwa katika bonde letu la Nagusawa, vita ambavyo ndani yake jemadari alijinyima maji ya kuoga, akafukuzwa kitandani mwake, akadharauliwa na wanyama wa aina zote, na mwishowe akamnasa adui ambaye majeshi yote ya nguruwe wa mlimani hayakuthubutu kumgusa. Ewe mungu wa mlima, ukaaye katika kibanda chako kidogo juu ya zile ngazi za mawe ambazo magoti yangu yamekataa kuzipanda, nipe pumzi ya kusimulia. Na kama pumzi huna, nipe chai.

Jemadari mwenyewe aliitwa Mukai Tetsuro, shujaa mwana wa mashujaa, ambaye utu uzima wake wote aliutumia kuuza unga wa kuogea. Ndiyo, ule unaomwagwa ndani ya bafu la maji ya moto ili mtu ajione yuko kwenye chemchemi za milimani, hali yuko ghorofani Osaka na jirani anagonga ukuta. Alizunguka duka kwa duka na begi lake, mwenye harufu ya ndimu Jumatatu na ya msonobari Ijumaa, akiinama mbele ya wenye maduka mpaka mgongo wake ukajua njia peke yake. Alipostaafu alihamia na mkewe Fusae katika nyumba ya marehemu wazazi wa Fusae, ng'ambo ya mfereji, mkabala na kwangu. Alikuwa na miaka sitini na sita, na bonde zima lilifurahi kumpata kijana.

Kijana akapanda viazi vitamu. Akavipalilia, akaviimbia, akanionyesha kimoja alichochimba kwa siri kutazama unene. Nguruwe mwitu nao walikuwa wakivitazama, kwa upole na subira kubwa, na siku moja tu kabla ya mavuno wakashuka jamaa nzima, baba, mama, watoto na nadhani hata mashemeji, wasibakishe hata mzizi. Mukai alisimama katikati ya shamba lake lililopinduliwa, upepo ukimpeperusha nywele zile chache, akanyanyua ngumi kuelekea mlimani na kutamka kiapo kizito.

"Nitajifunza kutega."

Fusae alikuwa anaanua nguo. Hata hakugeuka.

"Baba Nao, wewe hata mende akiingia jikoni unaniita mimi."

"Mende ni jambo lingine."

"Haya. Nakupa msimu mmoja," Fusae akasema, akikunja shuka. "Ukiwa mtegaji kweli, mwenye cheti na ruhusa zote, tunabaki hapa. Usipokuwa, tunarudi Osaka kwa mwanetu Nao, tukalale kwenye chumba chake cha wageni. Mimi siwezi kuzeeka nikilima chakula cha nguruwe."

Nanyi mfahamu kwamba Mukai hakutaka kurudi. Aliniambia mwenyewe, siku tuliyokuwa tunaanika matunda ya kaki, kwamba humu bondeni ndimo alimolala usingizi wa kwanza usio na treni ndani yake. Basi hilo ndilo lililokuwa dau la vita hivi: si taji wala nchi, bali ni mtu kulala bila treni. Falme zimepiganiwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Sasa, kutega nguruwe katika nchi yetu si kazi ya mtu yeyote mwenye njaa na waya. Serikali, ambayo humwona nguruwe akiwa kwenye sahani tu, imeamuru kwamba mtegaji mpya ni lazima asomeshwe. Mukai akapanda pikapu yake, akashuka mjini kwenye ukumbi wa mikutano, akaketi siku nzima miongoni mwa vijana wenzake, mvi tupu, wakasikiliza sheria ya upana wa kitanzi na sheria ya kibao chenye jina kitakachotundikwa kando ya kila mtego. Kisha ukaja mtihani. Akaonyeshwa picha za wanyama, moja baada ya nyingine, aseme upesi yupi huwindwa na yupi huachwa. Akamtofautisha mbwa-mwitu mdogo wa vichakani na nyegere, jambo ambalo nyegere wenyewe sidhani wanaliweza. Akapimwa macho. Akaamriwa kunyanyua mikono, akainyanyua. Akaamriwa kuchuchumaa, akachuchumaa, na, sikilizeni vizuri hapa, akasimama tena bila kushika meza. Wengi walianguka kwenye lango hilo. Mukai akatoka na leseni mkononi, akaipeleka kwenye kibanda cha mungu wa mlima, akapiga makofi mawili na kuinama, na jioni nilisikia akimsomea Fusae nambari yake.

Lakini leseni, ndugu zangu, ni karatasi ya kuingilia uwanjani tu. Chama cha wawindaji cha wilaya nacho kina sheria yake: hakuna mtu mpya atakayetega peke yake mpaka amfuate mwalimu msimu mzima, na kabla msimu haujafungwa awe amenasa windo kwa mtego aliouchagulia mahali na kuuzika yeye mwenyewe, mwalimu akishuhudia na kupiga muhuri. Sheria nzuri sana. Waliiandika zamani, wakati walimu walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Siku hizi bonde letu limebakiwa na mwalimu mmoja, na huyo mmoja ni Mzee Kadowaki.

Jukumu langu ni kumsifu Kadowaki Isao, Mwamba wa Milima, Baba wa Mitego, na nitamsifu. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alikuwa amenasa nguruwe wengi, na kila mmoja alizidi kunenepa kadiri alivyosimuliwa. Miwani hakuvaa, kwa sababu mlima, alisema, husomwa kwa pua. Alikuwa ametangaza kwamba msimu ukifungwa ataikabidhi leseni yake, kwani magoti yamechoka, na alitangaza hivyo kila alipotaka kuongezewa sake, pombe yetu ya mchele. Kila mtu akamwambia asituache. Hilo ndilo alilotaka kusikia, lakini magoti yalikuwa yamechoka kweli. Nimemjua tangu tulipokuwa tunatupiana mipira ya theluji, na hata wakati huo alikuwa akikosea kulenga akisingizia upepo.

Mukai alimwendea na chupa nzuri, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Naomba unipokee, Mwalimu."

Kadowaki akaitazama chupa kwanza, kisha mtu.

"Una harufu," akasema.

"Samahani?"

"Unanuka ndimu. Nguruwe ana pua inayosikia aibu ya mtu akiwa bonde la pili. Ukiingia mlimani na harufu hiyo ni kama umepiga baragumu. Kuanzia leo huogi."

Hapo, enyi mnaosikiliza, uso wa shujaa ulipauka. Wapo waliotakiwa kutoa mkono wao na wapo waliotakiwa kutoa mzaliwa wao wa kwanza. Mukai alitakiwa kutoa bafu, bafu la jioni, lenye mvuke, maji hadi shingoni, ambalo ndilo dini yake na ndilo lililomlea mwanawe na kulipa nyumba. Kisha akainamisha paji la uso mpaka mkekani.

"Sitaoga, Mwalimu."

"Na kitunguu saumu huli. Na sabuni hufulii. Na pikapu utaendesha wewe."

Akasema haya huku akiwasha sigara, na moshi wake ukaenda taratibu kuelekea mlimani kuwajulisha nguruwe wote kwamba somo limeanza.

Ukafuata msimu wa baridi wa mateso matukufu. Mukai akachemsha nyaya zake pamoja na magome ya miti ili zipoteze harufu ya kiwanda, na yeye mwenyewe akaanza kupata harufu ambayo haikuhitaji gome lolote. Wiki zikapita. Fusae akafungua madirisha, theluji ikaingia, akaona afadhali theluji. Mwishowe akampeleka mumewe kulala kwenye kibanda cha mpunga, akamwekea chakula mlangoni na kurudi nyuma upesi kama mtu anayelisha dubu.

"Sikuchukii," alimwambia kutoka mbali. "Nakupenda kutoka hapa nilipo."

Kwenye mkutano wa kijiji kila mtu aliyekaa karibu naye alikumbuka ghafla kwamba anasikia vizuri zaidi akiwa nyuma. Mimi nilikaa naye. Pua yangu ilikufa mwaka wa mafuriko, na nilitaka kusikia habari.

Habari zenyewe zilikuwa za kushindwa. Mtego wake wa kwanza aliutega pembeni mwa shamba langu la zamani la mpunga, na Kadowaki alipofika kuukagua nilikuwa nakata majani hapo jirani, nikasikia.

"Mukai, hii ni nini?"

"Mtego, Mwalimu."

"Mtego najua. Hapa pembeni pamefanywa nini?"

"Nimefagia, Mwalimu."

"Umefagia mlima?"

"Palikuwa na majani."

Kadowaki akavua kofia, akaivaa tena. Duara safi lilizunguka mtego, limefagiwa kwa ufagio wa mianzi, mistari yake imenyooka kama uwanja wa hekalu. Nyayo za nguruwe zilifika ukingoni mwa duara, zikasimama, na kwa heshima kuu zikapita kando. Hata nguruwe hakutaka kuwa wa kwanza kuchafua.

"Majani yarudishe," Kadowaki akasema. "Yote. Na yakae kama yalivyoanguka, siyo kama ulivyoyapanga wewe."

Siku ile shujaa wetu alipiga magoti mpaka jioni, na vijiti virefu vya kubania chakula mkononi, akirudisha jani baada ya jani, akirudi nyuma kutazama, akilisogeza jani moja kidogo kushoto. Chekeni mkitaka. Mimi nilicheka. Lakini alijifunza. Mtego wa pili ulionekana, wa tatu ulionekana ukikodoa macho, na baada ya hapo ikawa lazima nimwulize uko wapi ili nisiukanyage. Nguruwe nao hawakuukanyaga, maana Kadowaki ndiye aliyekuwa akiamua upande wa mlima wa kutega, na aliamua kila mara upande ambao pikapu inafika na jua linapiga. Nguruwe hawapendi jua wala pikapu.

Februari ikaisha, Machi ikaingia, na msimu ukabakiza siku chache. Fusae akaanza kuomba maboksi matupu kwenye duka la ushirika.

Wakati huo huo, mimi nikavamiwa.

Nyuma ya nyumba yangu kuna msitu wa mianzi aliouacha mume wangu. Mapema mwezi Machi, kabla chipukizi la mwanzi halijachungulia juu ya udongo, likiwa bado jeupe na halijui kuna jua, ndipo linapokuwa tamu kuliko yote. Hulioni kwa macho. Unatembea taratibu na nyayo zako zinakuambia hapa pameinuka kidogo. Nguruwe wanajua hilo na mimi najua hilo, na kila mwaka tunashindana kuamka mapema. Basi nikaenda asubuhi, nikakuta nimetanguliwa. Kesho yake tena. Nikamwita Mukai atazame kwa macho yake yaliyosomeshwa na serikali.

Akachuchumaa. Hilo alishalifaulu.

"Pamechimbwa," akasema.

"Pamechimbwa wapi?"

"Hapa. Na hapa." Akagusa udongo. "Bibi Shige, mbona mashimo yamefukiwa?"

"Na yamekanyagwa kidogo juu, yakae sawa," nikasema. "Na juu yake pamewekwa majani makavu."

Mukai akatafakari kwa muda mrefu. Nikamwachia nafasi. Humu kwetu mtoto anayeingia msitu wa mianzi kwa mara ya kwanza hufundishwa, kabla hajafundishwa kuchimba, kwamba ukishatoa chipukizi unarudisha udongo, unaukanyaga, unaushukuru mwanzi, ili mizizi isinyauke na mwakani uzae. Ni kama kufunga mlango ukitoka. Lakini Osaka hakuna mianzi.

"Ni nguruwe mwenye adabu sana," akasema hatimaye.

"Amelelewa vizuri," nikakubali. "Malezi ya zamani."

"Mwalimu anasema humu nguruwe hapiti. Nimemwomba mara tatu nitege humu, akakataa. Mara ya mwisho alikasirika kabisa."

"Alikasirika, eeh?"

"Alisema ni kupoteza muda, na kwamba mteremko ni mbaya kwa magoti."

"Magoti ya nani?"

Mukai akanitazama. Nikawa nafunga kilemba changu.

"Mukai," nikasema, "kule kwenye kozi, walisema nani anatoa ruhusa ya kutega katika ardhi ya mtu?"

"Mwenye ardhi."

"Msitu huu wa nani?"

"Wako, Bibi Shige."

"Basi tega."

Akasita. Mjue alikuwa mtu wa kutii. Hata kwenye barabara tupu alisubiri taa. Akatazama ng'ambo ya mfereji, ambako maboksi ya Fusae yalikuwa yamepangwa barazani.

"Nikimkosea Mwalimu hatanigongea muhuri."

"Na usipotega atakugongea?"

Akaenda kuleta jembe.

Sasa natamani ningekuwa na ngoma na mtu wa kuipiga. Kwa maana alasiri ile, siku ya mwisho kasoro moja, Mukai Tetsuro, Mwana wa Mvuke, Mfagiaji wa Milima, aliingia kwenye msitu wa mianzi na kuuzika mtego wa mitego. Akautazama mteremko, akauliza nyayo zake mwenyewe zingependa kupita wapi kama zingekuwa zimechoka. Akachagua kijinjia chembamba kati ya mianzi miwili minene. Akachimba, akaweka mrija wa kukanyagwa wenye kitanzi cha waya, akavuta springi huku ametoa ulimi kama mtoto anayeandika, akafunika udongo uliochujwa kwa vidole, akatawanya majani kwa vile vijiti, akapuliza moja likaanguka lilivyopenda lenyewe. Nilisimama hapo hapo nikitazama, na alipomaliza sikuweza kusema ulipo.

Kosa alilofanya ni moja. Sheria inataka kibao chenye jina la mtegaji, nacho kiwe mahali ambapo mtu atakiona kabla hajaukaribia mtego. Mukai, ambaye mwandiko wake ulikuwa fahari ya idara nzima ya unga wa kuogea, alikuwa ameandika chake kwa herufi ndogo nzuri za wino, mstari baada ya mstari, jina, anwani, nambari ya leseni, na chini kabisa maneno ya kuomba radhi kwa usumbufu. Akakifunga kwenye mwanzi ulio nyuma ya mtego, hivi kwamba mtu asiyeona vizuri, akitaka kukisoma, ni lazima apige hatua mbili mbele. Nililiona kosa hilo. Nikasema ni kibao kizuri.

Kulipopambazuka siku ya mwisho, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mfereji, ikasikika sauti ya springi. Kisha ikafuata sauti nyingine, sauti ya mnyama mkubwa aliyejeruhiwa kwenye heshima. Nikatoka na koti. Mukai alikuwa tayari anakimbia mbele yangu, buti mguu mmoja, ndara mguu mwingine, akilia, "Nimempata, Bibi Shige, nimempata, ni mkubwa." Tukapanda. Mianzi ikatingishika. Na hapo, kati ya mianzi miwili minene, waya umemkamata juu ya kisigino cha buti yake ya mpira, akiwa ameketi juu ya gunia ili makalio yasipate unyevu, alikuwepo Kadowaki Isao, Mwamba wa Milima, Baba wa Mitego.

Kadowaki ndiye aliyeanza kusema, maana mwalimu hubaki mwalimu.

"Mukai. Kibao umekitundika pabaya."

"Samahani sana, Mwalimu," Mukai akasema, akainama mpaka magotini.

"Mtu akitaka kukisoma anaingia."

"Nitakirekebisha sasa hivi."

"Utakirekebisha baadaye. Nifungue."

Mukai akapiga hatua. Nikamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Walikufundishaje kuhusu mnyama aliyenaswa?"

"Usimsogelee mara moja," Mukai akajibu kwa mazoea, macho yamenyooka mbele. "Usipite upande wa chini wa mteremko. Simama mbali, hakikisha waya umeshika."

"Basi tusimame mbali."

Tukasimama. Waya ulikuwa umeshika vizuri sana. Angeweza kuutoa mguu na kuiacha buti, lakini chini kulikuwa na barafu, na soksi zake zilizotoboka nilizijua, mkewe wa kuzishona alikufa zamani.

"Shige, umeanza," akasema.

"Sijaanza. Ulikuja kufanya nini, Isao?"

"Kukagua mtego wa mwanafunzi wangu."

"Ulijuaje upo, wakati ulimkataza?"

"Mwalimu hujua."

"Na jembe?"

"La kukagulia."

"Na hilo gunia ulilolikalia?"

Kadowaki akajiweka vizuri juu ya gunia lake, likatoa mlio mdogo wa kitu kibichi kinachovunjika. Kando yake palikuwa na shimo jipya, limekwisha kufukiwa, limekanyagwa, na majani juu.

Mukai alilitazama lile shimo. Niliona mawazo yakipanda usoni mwake polepole, kama mzee kwenye ngazi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "yule nguruwe ni wewe?"

"Mtu aliyelelewa haachi shimo wazi kwenye msitu wa mianzi," Kadowaki akasema kwa ukali, "hata kama msitu si wake." Akapangusa pua. "Na yanapooza upesi siku hizi machipukizi ya dukani. Hayana ladha. Ukiwa peke yako hununui kitu ili ukile bila ladha."

Nilitafuta dhihaka nikakosa, jambo ambalo si la kawaida yangu.

Mukai ndiye aliyeketi chini, kwenye barafu, akashika kichwa. Akasema leo ndiyo siku ya mwisho, mitego mingine yote ameshaiangalia mitupu, windo hana, na Fusae amekwisha funga sahani kwenye magazeti. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Windo huna?" nikasema. "Na huyu?"

"Huyu ni Mwalimu."

"Sheria inasemaje? Windo kwa mtego aliouchagulia mahali na kuuzika mwenyewe, mwalimu akishuhudia. Umechagua mwenyewe? Umezika mwenyewe? Na mwalimu ameshuhudia. Sijui alitaka kushuhudia kwa karibu kiasi gani tena."

"Nisipogonga?" Kadowaki akauliza.

"Chama kinataka picha ya kila windo," nikasema. "Limelala ubavu, kichwa kulia, mtegaji amelinyooshea kidole. Mukai, simu unayo?"

Mukai, mtiifu wa sheria mpaka mwisho, alikwisha kuitoa.

"Ukinipiga picha nafia hapa hapa," Kadowaki akasema.

"Na wanataka mkia," nikaongeza. "Sijui tutafanyaje."

Lakini Kadowaki hakuwa akinisikiliza tena. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse udongo, akitazama pale waya ulipotoka ardhini. Akagusa ukingo wa mrija kwa kidole. Akachukua jani moja, akaligeuza, akanusa udongo, akanusa tena. Akakaa hivyo kwa muda, mpaka nikadhani magoti yamegoma.

"Nilisimama hapa," akasema, "nikatazama chini kabla ya kukanyaga. Huwa natazama. Nimetazama chini milimani maisha yangu yote." Akamnyooshea Mukai lile jani. "Sikuuona. Wala sikuunusa."

Mukai akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Mtego huu haufai kupotezewa nguruwe mmoja," Kadowaki akasema. "Huu ni mtego anaoufikia mtu baada ya maisha mazima mlimani. Leta karatasi."

Muhuri wake alikuwa nao shingoni, ndani ya kifuko, chini ya fulana. Mukai akamgeuzia mgongo, karatasi ikawekwa hapo, na mkono mzee ukagonga muhuri. Ikabaki sehemu ya kujaza aina ya windo.

"Andika nguruwe," Kadowaki akasema.

"Siwezi kuandika uongo, Mwalimu."

Wakabishana, mmoja amefungwa waya na mwingine amepiga magoti kwenye barafu, mpaka jua likatoka. Wakapatana hivi, na karatasi hiyo ipo chama cha wilaya mpaka leo, hakuna aliyeuliza: dume, mzee, hali yake nzuri, ameachiwa kwa sababu ya ugumu wa nyama.

Fusae alisikia habari akiwa amesimama kati ya maboksi. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, akainua macho. "Kwa hiyo umemtega mwalimu wako."

"Ndiyo."

"Akakufaulisha."

"Ndiyo."

Akaanza kufungua sahani, moja moja, akikunja yale magazeti vizuri kwa kazi nyingine.

Basi na iandikwe, na waandishi wa tarehe wachonge kalamu zao: kwamba katika mwaka ule, msimu ukibakiza saa chache kufungwa, bonde la Nagusawa lilipata mtegaji mpya, aliyesomeshwa na serikali, akalelewa na bingwa, na kumwangusha bingwa huyo huyo kwa kitanzi kisichozidi upana halali. Kipaza sauti cha kijiji kilitangaza baada ya tangazo la takataka za plastiki. Mungu wa mlima alipelekewa sake, na Kadowaki akapelekewa machipukizi, mlangoni, mchana, kwa mkono wangu. Mawe yatapasuka na mianzi itachanua na kufa, lakini jina la Mukai Tetsuro litadumu, na taifa zima la binadamu bondeni humu, wote ishirini na mmoja, linamheshimu kama jemadari aliyevikomesha vita vya nguruwe. Ni nguruwe tu ndio ambao mpaka sasa hawajaarifiwa.